Data Ikizidi Laptopu: Mashine Moja, Klasta ya Maabara au Wingu la Kukodi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa uzamili alinijia hapa Kisumu na diski ya nje aliyoifunga kwa leso, akiishika kama mtu aliyebeba mayai kwenye matatu. Ndani yake mlikuwa na mwaka mzima wa Ziwa Victoria: mikondo, joto la maji na oksijeni, saa baada ya saa, kama zilivyotoka kwenye programu ya uigaji.

"Mwalimu," akaniambia, "nikifungua hii kitu laptopu inaganda. Mmoja amenishauri ninunue kompyuta kubwa. Mwingine anasema niunganishe zile za maabara. Wa tatu ananiambia nipeleke kila kitu kwa wingu. Nishike la nani?"

Nikamuuliza: saa moja tu ya data yako ina ukubwa gani?

Hakujua. Alichojua ni jumla, terabaiti moja na nusu. Ikabidi tuchukue karatasi. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Ukilikata kwa miraba ya mita 500, unapata nguzo za maji zipatazo 275,000. Kila nguzo ina tabaka 30, kwa hiyo seli zote ni kama milioni 8.3. Kila seli inabeba vigezo vitano, kila kigezo baiti 4. Saa moja basi ni megabaiti 165, kitu ambacho hata simu ya bei ya kati inaweza kukishika. Mwaka una saa 8,760, na hapo ndipo terabaiti 1.45 inapozaliwa. Laptopu iliganda kwa sababu alikuwa ameiagiza ilete saa zote kwenye RAM kwa mkupuo mmoja.

Sasa mchukue mtu wa Nakuru mwenye kielelezo cha mawimbi ya tetemeko yanavyopita kwenye miamba ya chini ya Menengai, gridi yenye nukta 2,048 kila upande. Hizo ni nukta bilioni 8.6. Kigezo kimoja, kwa wakati mmoja, ni gigabaiti 34 kabla hujachora chochote. Jumla ya faili zake huenda ikawa ndogo kuliko ya yule wa ziwa, lakini yeye ndiye mwenye tabu kubwa. Wa ziwa ana mzigo mwepesi na safari nyingi. Wa Nakuru ana safari moja na jiwe lisilobebeka na mtu mmoja.

Ukishajua wewe ni yupi kati ya hao wawili, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Vya kupimia

Njia zote tatu, yaani mashine moja, klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi moja) na wingu (kompyuta za mbali unazokodi kwa intaneti), nitazipitisha kwenye vipimo vilevile. Cha kwanza ni huo uzito: je, data ni kubwa kwa wakati mmoja, au ni ndogo zilizorundikana? Cha pili ni njia ambayo data na picha zitapita, iwe diski, waya au intaneti. Cha tatu ni stima na mikono, yaani umeme, joto, vumbi, na nani ataamka usiku mashine ikizima. Cha nne ni namna pesa inavyotoka, maana pesa ya kutoka mara moja na pesa ya kudondoka kila saa si pesa moja hata zikilingana.

Kuna swali jingine linalopita kote: unataka video ya kuonyesha kwenye utetezi wa tasnifu, au unataka kushika mchoro kwa kipanya na kuuzungusha huku ukitafuta jambo usilolijua bado? Video inaweza kusubiri hadi asubuhi. Mkono hausubiri. Picha ikichelewa sekunde mbili kila unapogusa, utachoka na utaacha kutazama, na data ambayo haijatazamwa ni sawa na data isiyokuwepo.

Kazi inavyogawanywa, kwa ufupi

Mwaka 1994 Steven Molnar na wenzake waliandika uainishaji ambao bado tunautumia. Waliuliza: vipande vya mchoro vinapangwa wapi kwenye skrini, mwanzoni mwa kazi, katikati au mwishoni? Ukipanga mwanzoni, kila kompyuta inapewa sehemu yake ya skrini. Ni safi, mpaka mtazamaji anapokaribia kona moja na data yote ikaangukia kompyuta moja huku nyingine zimekaa bure. Ya katikati ndiyo tabia ya ndani ya kadi za picha na haituhusu sana. Ukipanga mwishoni, kila kompyuta inabaki na kipande chake cha data, inakichora kwa ukubwa wa skrini nzima, kisha picha zote zinaunganishwa pikseli kwa pikseli kwa kuangalia ipi iko mbele. Kwa data kubwa hii ya mwisho ndiyo inayotawala, kwa sababu data haihami. Kinachopita kwenye waya ni picha tu, na picha haiongezeki uzito data ikiongezeka.

Ipo na njia ya nne ambayo wataalamu huiona ya kitoto mno hata kuipa jina: kila kompyuta ipewe nyakati zake, ichore fremu zake (picha moja moja za video) kivyake, na asubuhi fremu zikusanywe. Hakuna kuunganisha, hakuna kusubiriana. Mtu wa ziwa hahitaji zaidi ya hapo.

Mashine moja yenye nguvu

*Uzito.* Watu huidharau mashine moja upesi mno. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 128 na kadi nzuri ya picha inameza kazi nyingi zilizohitaji chumba kizima miaka ya 2000. Ila usilinganishe RAM na ukubwa wa faili. Ulinganishe na kile faili linachogeuka ukianza kulikata. Katika ParaView, programu ya kuchora data za kisayansi, kwa mfano, ukichukua gridi iliyopangika (nukta zake ziko kwenye safu za kawaida) na kuikata kwa kichujio cha Clip au Threshold, matokeo yake huwa gridi isiyopangika, ambayo lazima iandike mahali pa kila nukta na majirani wa kila seli. Gigabaiti nne zinaweza kufura mara kadhaa kwa mbofyo mmoja. Slice na Contour ni za huruma zaidi, maana zinakurudishia uso tu badala ya ujazo. Nimeona mashine nzuri ikilaumiwa bure kwa kosa hili.

Kwa wingu la nukta (rundo la nukta za vipimo, si wingu la kukodi), kama zile za droni juu ya kingo za Bonde la Ufa, mashine moja inatosha hata nukta zikifika bilioni. Programu kama Potree huzipanga nukta kwenye mti wa michemraba na kuleta zile tu zinazoonekana kwa umbali uliopo. Hapo klasta ni kuua inzi kwa rungu.

*Njia.* Waya hakuna, kwa hiyo njia ni diski. Diski ya kuzunguka hutoa kama megabaiti 150 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, na NVMe hupita 3,000. Mtu anayenunua kadi ya picha ya bei mbaya kisha akaweka data kwenye diski ya kuzunguka amenunua gari na kulifunga kwenye punda.

*Stima na mikono.* UPS moja, fundi mmoja, na huyo fundi ni wewe. Kisumu joto la mchana hucheza karibu nyuzi 30, kwa hiyo chumba kiwe na hewa. Nakuru, kwa kimo chake cha mita 1,850 hivi, ubaridi mnapewa bure, lakini jina la mji wenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Fungua kasha na upulize kila baada ya miezi mitatu.

*Pesa.* Inatoka mara moja, na kitu kinabaki mkononi. Mashine za kazi za mtumba kutoka Ulaya, zenye nafasi nyingi za RAM, ni biashara nzuri kuliko mpya zenye taa za rangi. Ukimaliza utafiti unauza.

*Inamfaa nani.* Mtu anayefanya kazi peke yake, anayetaka kuzungusha kwa mkono, na ambaye wakati wake mmoja wa data hauzidi gigabaiti chache. Wa ziwa angeweza kuishia hapa kama hana haraka. Fremu moja kwa sekunde 40, kuisoma na kuichora, mara 8,760, ni saa 97. Siku nne mchana na usiku, stima isipopotea.

Klasta ya maabara

*Uzito.* Hapa ndipo jiwe la Nakuru linapopata wabebaji. Kwa watumiaji wa ParaView iko kanuni ya kidole: data iliyopangika, usizidishe seli milioni 20 kwa mchakato mmoja (nakala moja ya programu, kwa kawaida kwenye kori moja ya kichakataji), na ukiweza kaa kati ya milioni 5 na 10; data isiyopangika, usizidishe milioni moja. Kwa kanuni hiyo nukta bilioni 8.6 zinataka michakato zaidi ya 400. Kompyuta za maabara zenye kori nne nne, ukiwa nazo 30, ni michakato 120. Hazifiki. Unapunguza gridi, unaruka nukta moja kati ya mbili kila upande, na zinabaki bilioni 1.07, yaani michakato 54. Hizo zinafika, na kuna nafasi ya kupumua. Usione haya kupunguza: skrini yako ina pikseli milioni mbili tu.

Lakini data haijigawi yenyewe kwa sababu umewasha mashine nyingi. Faili moja la VTK (fomati ya data ambayo ParaView huisoma) la mtindo wa zamani husomwa na mchakato mmoja huku wenzake wakitazama. Mgawanyo unaanzia kwenye uandishi, kwa zile fomati zilizovunjwa vipande au zinazosomeka kwa sehemu kama HDF5. Njia rahisi ya kujua: ongeza kichujio cha Process Ids, upake rangi kwa namba ya mchakato. Mchoro ukitoka na rangi moja, una klasta ya kompyuta moja inayofanya kazi na nyingine zinazokula stima.

Pia dai seli za jirani mpakani mwa kila kipande. Bila hizo uso wa mchoro hutokea na mistari kama kitenge kilichoshonwa vibaya, na kuna mtu aliwahi kunionyesha mistari hiyo akidhani ni ufa wa kijiolojia.

*Njia.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo klasta nyingi za vyuo hufia.

Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ina baiti 4 za rangi na 4 za kina (umbali wake kutoka kwa mtazamaji), jumla megabaiti 16.6. Tuseme una kompyuta nane na zote zinamtumia mkuu wao picha nzima ili aunganishe yeye: anapokea picha saba, megabaiti 116. Waya wa gigabiti moja, ukiwa katika afya yake yote, hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde. Fremu moja, karibu sekunde moja. Ni kama akina mama wanaopika matangani, kila mmoja na sufuria yake, lakini dirisha la kupakulia ni moja.

Mwaka huohuo wa 1994 Kwan-Liu Ma na wenzake walitoa mbinu ya kubadilishana nusu kwa nusu. Kompyuta mbili mbili zinagawana picha, kila moja ikimpa mwenzake nusu na kubaki na nusu ya kuunganisha. Kisha robo, kisha sehemu ya nane. Mwishoni kila mmoja ana kipande chake kilichokamilika, na mkuu anakusanya rangi peke yake. Kwa nane wetu, kila kompyuta imetuma megabaiti 14.5 badala ya foleni ya 116 mlangoni, na ukijumlisha ukusanyaji ni kama sekunde 0.17 kwa fremu. Ukiongeza kompyuta hadi 64 hesabu hii haibadiliki sana, na huo ndio uzuri wake. Maktaba ya IceT kutoka maabara za Sandia, ambayo ParaView inaitumia, ina mbinu za jamii hii na juu yake huacha kutuma pikseli tupu, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu zaidi.

Kila hesabu hapo juu, hata hivyo, ni ya gigabiti. Kwenye megabiti 100 zidisha kwa kumi. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha kompyuta nane kwenye chuo kimoja hapa magharibi. Mchoro ulikuwa ukiganda kisha unaruka kama chura. Wiki mbili nililaumu programu, nikaisakinisha upya mara tatu. Siku moja nikapita na amri ya `ethtool`, inayoonyesha kasi ya waya kwa megabiti, kwenye kila mashine: saba zilisema 1000, moja ikasema 100. Gigabiti inataka jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, ilhali megabiti 100 inaridhika na mbili. Kebo ile ilikuwa na waya mmoja usiogusa kwenye kichwa chake, ikakubali kushuka kimyakimya. Na aliyekibana kichwa hicho ni mimi. Klasta hutembea kwa mwendo wa mchovu wake. Saba zilikuwa zikimsubiri mmoja kwa kila fremu.

Ukitaka kuona ndani ya ujazo wenye uwazi, kama moshi, mambo ni magumu zaidi. Haitoshi kuuliza ipi iko mbele. Lazima picha ziunganishwe kwa mpangilio kutoka nyuma kuja mbele, na vipande vya data viwe vimekatwa vizuri bila kuingiliana. Programu hupanga data upya kwa ajili hiyo, na upangaji huo unapita kwenye waya uleule.

*Stima na mikono.* Kompyuta nane za wati 150 ni kilowati 1.2, kwa saa nane ni yuniti 9.6 za tokeni. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni radi. Ukanda huu, kuanzia Kisii hadi Kakamega, unaijua radi kuliko mhandisi yeyote wa Nairobi, na waya mrefu wa mtandao kati ya majengo mawili ni mwaliko. Tumia nyuzi za kioo kati ya majengo, na kinga ya mawimbi ya umeme kwenye kila seti.

Halafu mikono. Maabara ya chuo ni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza mchana, na mmoja wao atazima kompyuta kwa kidole kwa sababu feni inapiga kelele. Kazi ziende usiku. Toleo la programu liwe moja kila mahali, kwani ParaView ya mteja na ya seva zikitofautiana zinakataa kuongea. Kadi za picha si lazima. Seva inaweza kuchora kwa kichakataji tu kupitia Mesa, polepole kiasi, lakini inachora.

*Pesa.* Kama maabara ipo, pesa ni swichi nzuri na kebo nzuri, basi. Kama haipo, usiijenge kwa ajili ya tasnifu moja.

*Inamfaa nani.* Idara au kikundi, mahali ambapo kuna mtu mmoja walau anayependa kazi hii kiasi cha kurudi saa tatu usiku. Bila mtu huyo, klasta hugeuka samani kabla ya muhula kuisha.

Wingu la kukodi

*Uzito.* Hakuna jiwe lisilobebeka huko. Michakato 400 ni suala la kubofya, ingawa akaunti mpya mara nyingi huanza na kikomo cha sifuri kwa mashine zenye kadi ya picha, nawe unaandika ombi na kusubiri. Fanya hivyo wiki mbili kabla.

*Njia.* Swali hapa ni data ilizaliwa wapi. Data ya ziwa iliyozaliwa Kisumu inapaswa kupanda: gigabaiti 500 kwa intaneti ya megabiti 20 ni zaidi ya saa 55, ikiwa laini haitakatika. Terabaiti 1.45 ni karibu wiki. Vyuo vilivyo kwenye KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, huwa na njia pana kuliko ya nyumbani, kwa hiyo peleka ukiwa chuoni.

Ila data ya setilaiti imeshazaliwa huko juu. Kigae kimoja cha Sentinel-2 ni pikseli 10,980 kwa 10,980 kwa zile bendi za mita 10, na setilaiti mbili hurudi kila siku 5. Mtu anayefuatilia magugu maji ya Ghuba ya Winam kwa miaka kadhaa akivipakua vyote Kisumu anajitafutia ugonjwa. Picha hizo za Afrika zimewekwa na Digital Earth Africa kwenye kituo cha AWS (wingu la Amazon) cha Cape Town, kituo kilichofunguliwa 2020. Kodi mashine pale pale, zichorwe pale pale, na kinachokuja kwako ni picha ya kilobaiti mia kadhaa. Na kama kazi yenyewe ni ya kawaida, jaribu kwanza Google Earth Engine, ambayo watafiti huitumia bila malipo. Huenda usihitaji kukodi chochote.

Kuzungusha kwa mkono kunawezekana, lakini utahisi umbali. Punguza ubora wa picha wakati wa kuzungusha, iache isafishike ukituliza kipanya. ParaView inalo chaguo hilo, na wengi hawajawahi kulifungua.

*Stima na mikono.* Stima ya kwenu ikipotea, kazi inaendelea. Hili kwangu lina thamani kuliko kasi. Ila data ya wagonjwa ni habari nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti kuhusu kuhamisha taarifa binafsi nje ya nchi. Wanaofanya utafiti wa malaria wazungumze na kamati yao ya maadili kabla ya kupakia hata faili moja.

*Pesa.* Inadondoka kila saa, tena kwa dola. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa karibu 129. Bajeti ileile, mashine tofauti. Kuingiza data mara nyingi ni bure, kuitoa hulipiwa, kwa hiyo toa picha, si data. Mashine za bei ya chini zinazoweza kunyang'anywa wakati wowote, AWS wakikuonya dakika mbili kabla, zinafaa sana kwa fremu, kwani fremu iliyokatika inachorwa upya na mashine nyingine. Kwa kuzungusha kwa mkono hazifai. Na weka kengele ya matumizi siku ya kwanza. Mimi niliwahi kusahau mashine ikiwaka Ijumaa jioni, nikaikumbuka Jumatatu nikiwa Kibuye nanunua nyanya. Nyanya nilizirudisha nusu.

*Inamfaa nani.* Mwenye kazi kubwa ya muda mfupi, mwenye kadi ya benki inayokubalika, na hasa yule ambaye data yake tayari iko huko.

Neno kuhusu programu

Nimeitaja ParaView mara nyingi kwa sababu ndiyo niliyozoea. VisIt, iliyotoka kwenye maabara ya Lawrence Livermore, ina nguvu za aina hiyohiyo: seva za sambamba, mgawanyo wa data, hati (maagizo yaliyoandikwa) za Python. Inasoma fomati nyingi za uigaji, na kama msimamizi wako wa masomo anaitumia, itumie, maana msaada wa karibu unashinda tofauti zote. Zote mbili ni za bure. Kwa mambo ya ramani bapa, kama mabilioni ya nukta za GPS za bodaboda, hazihitajiki. Datashader pamoja na Dask, ndani ya Python, huhesabu nukta zilizoangukia kila pikseli kwenye mashine zote na kujumlisha. Kujumlisha hakujali nani yuko mbele, kwa hiyo ni kwepesi mno kwa waya.

Wewe uko wapi?

Kama saa moja ya data yako inaingia kwenye RAM na unataka video tu, usinunue kitu. Gawa nyakati kwa mashine zozote ulizo nazo, hata ziwe za zamani, hata swichi iwe mbovu.

Kama saa moja inaingia kwenye RAM na unataka kuzungusha kwa mkono, mashine moja na NVMe nzuri. Anza hapo hata kama una ruhusa ya klasta.

Kama wakati mmoja wa data haubebeki, mko kikundi, na chuo kina maabara yenye gigabiti, jaribuni klasta kwa data iliyopunguzwa. Pimeni kila kebo kwanza. Ikishindikana kwa sababu ya ukubwa, nendeni wingu kwa siku mbili mkiwa tayari mna hati zilizojaribiwa; saa za kukodi si za kujifunzia.

Kama uko Nakuru au Kakamega peke yako na jiwe kama hilo, bila maabara, wingu, ila piga hesabu ya kupandisha data kabla ya hesabu ya mashine. Wakati mwingine basi la usiku kwenda kwenye chuo chenye klasta linaifikisha diski upesi kuliko intaneti.

Kama data ni ya setilaiti, ifuate iliko.

Na yule kijana wa leso? Maabara ilikuwa na kompyuta 12, na mwaka una miezi 12. Kila kompyuta ikapewa mwezi wake, fremu kama 730. Swichi ya hapo ni ya megabiti 100, na kupitisha terabaiti 1.45 humo kungechukua zaidi ya saa 30, basi mchana ule alitembea na diski yake kutoka mashine hadi mashine, dakika 20 kila moja, wanafunzi wakimtazama. Saa tatu usiku tukaziwasha zote. Saa kumi na moja alfajiri na ushee akanitumia ujumbe: kumi na moja zimemaliza, Agosti imekwama kwenye fremu ya 412, na mlinzi anauliza kama anaweza kuzima taa.